Wavu wa inchi 5, nyuzi 9: tathmini ya fundi wa nyavu, Homa Bay

Kazi yangu ni kufunga nyavu. Mvuvi akinunua wavu mpya huniletea ukiwa bado robota, nami ndiye ninayeutia kamba ya juu na maboya yake, kamba ya chini na chubwi zake, hadi uwe chombo cha kuvulia. Wavu mbovu huwa naujua kwa vidole kabla haujaguswa na maji. Siku hizi nyavu nyingi zinazonifikia hapa bichi yetu, upande wa Homa Bay wa Ghuba ya Winam, ni za aina moja: nailoni iliyosokotwa, jicho la inchi 5 likivutwa, uzi wa nyuzi 9 zilizosokotwa pamoja, kina cha macho 26, rangi ya kijani iliyofifia. Hazina jina la kujivunia, zina kibandiko chenye nambari tu. Nimezifunga, nimezishona zikirudi zimepasuka, na vipande vichache ni vyangu, vinavua kwenye mtumbwi wa shemeji yangu. Watu wananiuliza kama zinastahili bei yake. Jibu langu ni kwamba zinastahili, ila kuna mambo ya kuangalia.

Kipande kimoja nilikipata kwa shilingi 1,800. Hiyo ni bei ya wavu mtupu. Ukiongeza kamba, maboya, vyuma vya chini na malipo ya fundi, gharama inakaribia kuwa maradufu, na mvuvi anayepiga hesabu bila kukumbuka hayo huishia na wavu uliolala nyumbani. Kipande kikivutwa sawasawa kina urefu wa meta 90. Usitegemee meta 90 majini. Mimi hufunga kwa nusu, yaani macho mawili yaliyovutwa, ambayo ni inchi 10, nayaweka kwenye inchi 5 za kamba. Kwa hiyo meta 90 zinakuwa 45, na kina kinakuwa karibu meta 3. Ukifunga kwa kubana zaidi wavu unalegea na kuwazungusha samaki ovyo, ukifunga kwa kunyoosha zaidi jicho linafumba na samaki analigonga tu halafu anarudi. Huu ulegevu wa nusu ndio unaolipa jicho umbo la kumshika ngege (tilapia) nyuma ya mashavu.

Ninapofungua robota jambo la kwanza ni fundo. Ninashika jicho moja kwa vidole vinne, ninavuta pembe mbili zinazokabiliana, halafu pembe mbili nyingine. Fundo la wavu mbaya linateleza: jicho lililokuwa mraba linakuwa la upande, kubwa huku, dogo kule, na hapo hakuna tena cha kupima. Hizi nyavu za kijani mafundo yake yameshika. Yamebanwa kiwandani na kupakwa dawa ya kuyagandisha, ndiyo maana wavu mpya unakuwa mkavu mkononi na una harufu kali kidogo. Ukikaa majini ukali huo unaisha, unalainika, lakini fundo halisogei. Safu ya macho ya pembeni, ile tunayofungia kamba, ina uzi maradufu. Kwa fundi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu wavu huanza kufa pale unapokutana na kamba.

Jambo la pili ni kipimo. Naweka rula kwenye macho 10 yaliyovutwa kwa mstari mmoja, si jicho moja, maana jicho moja linaweza kukudanganya. Macho 10 ya wavu huu yanafika inchi 50. Baada ya kuvua kwa muda nimeyapima tena yakiwa yamelowa na tofauti ni ndogo mno. Kuna nyavu nyingine za bei ya chini zaidi, nazo zimeandikwa inchi 5, ambazo zikitoka tu robotani macho 10 yanasimama kwenye inchi 47 na nusu. Huo ni wavu wa inchi 4 na robo tatu uliovishwa kibandiko cha 5. Aliyenunua hakufanya kosa lolote, alisoma kilichoandikwa. Akikutana na wakaguzi ziwani, atakayepoteza wavu ni yeye, muuzaji hayuko kwenye mtumbwi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaoniletea nyavu wanadhani inchi 5 ni ukali wa maafisa tu. Kipimo hiki kina umri mkubwa kuliko Kenya huru, na kilizaliwa ghubani mwetu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, iliyokuwa ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Mwaka 1905 nyavu za kutega za kitani zikaletwa kutoka Ulaya na kutegwa katika ghuba hii kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo wazee walikuwa na migono, ndoana, makokoro (nyavu za kukokota) ya mafunjo, na zile nyuzio za fito za kuziba mito ambazo sisi Waluo tunaziita kek. Vyombo hivyo vilikuwa na ukomo wake. Wavu wa kitani ulipoingia, na treni ikawa inasubiri kubeba samaki kwenda miji ya juu, ngege walianza kutolewa majini kwa kasi ambayo ziwa halikuwahi kuiona.

Katika miaka ya 1920 wavu mmoja uliokuwa ukitoa ngege kwa makumi kwa usiku ulikuwa unatoa wachache wa kuhesabika. Wavuvi wakafanya lile ambalo mvuvi yeyote angefanya, wakatafuta macho madogo zaidi. Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham, akalichunguza ziwa lote mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ikatoka 1929. Alikuta kwamba wavu wa inchi 5 unamshika ngege aliyekwisha kukomaa, na kwamba ukishuka chini ya hapo unawatoa wale ambao hawajazaa. Akashauri inchi 5 iwe mwisho wa chini, na ziwa lote lisimamiwe na mamlaka moja badala ya Kenya, Uganda na Tanganyika kila moja kufanya lake. Kipimo kikawa sheria mwaka 1933. Mamlaka moja ilikuja baadaye sana, mwaka 1947, ilipoanzishwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, pamoja na kituo cha utafiti cha Jinja.

Babu yangu alivua chini ya sheria hiyo. Alinisimulia jinsi askari wa samaki walivyokuja bichi na kijiti cha kupimia, wakaamuru nyavu zishushwe kutoka kwenye miti zilipokuwa zikikaushwa, na jinsi wavu uliokataliwa ulivyochomwa moto pale pale mbele ya watoto. Hakuna aliyewaeleza sababu. Hakuna baraza lililoitwa. Wazee walijua vema samaki gani huzaa wapi na mwezi gani, kek zilikuwa za koo na zilikuwa na taratibu zake, lakini ujuzi huo haukuulizwa. Nikiwaza jambo hilo moyo unauma hadi leo. Sheria nzuri ililetwa kwa fimbo, na watu wakajifunza kuichukia badala ya kujifunza kilichokuwa ndani yake.

Maana kipimo chenyewe kilikuwa sahihi. Angalia kilichofuata. Nyavu za nailoni ziliingia mwanzoni mwa miaka ya 1950, nyepesi, haziozi, zinavua kuliko kitani mara kadhaa. Wakati huo huo serikali zikachoka kusimamia inchi 5. Upande wa Uganda na Tanganyika sharti likaondolewa mwaka 1956, Kenya ikafuata mwaka 1961 (leo lipo tena, ndilo wanalolipima wakaguzi). Nyavu zikashuka inchi 4, zikashuka tena. Ningu, yule samaki mwembamba aliyekuwa akipanda Nzoia, Yala, Nyando na Sondu wakati wa mvua kwenda kutaga, alivamiwa kwenye midomo ya mito kwa nyavu za macho madogo akiwa na mayai tumboni, akaanguka kiasi kwamba watoto wangu wanamjua kwa jina tu. Ngege wa asili naye akaisha ziwani. Sisemi ni macho ya wavu peke yake: mbuta (sangara) aliletwa katika miaka ya 1950, na nyamami (tilapia wa Nile) akaletwa kipindi hicho hicho, wote wakamkuta ngege keshadhoofika. Ukitaka kumwona ngege wa asili leo nenda Ziwa Kanyaboli kule Siaya, ndani ya kinamasi cha Yala, ambako amepata hifadhi. Huyu tunayemuuza sokoni na kumwita ngege ni nyamami.

Kwa hiyo wavu huu wa kijani unavua samaki tofauti na yule ambaye kipimo hiki kilitengenezewa. Unamvuaje? Vizuri. Nyamami wanaonasa kwenye vipande vyangu ni wa saizi ya sahani, wanashikwa nyuma ya mashavu, hawajachubuka sana, na kina mama wanaonunua hapa hawabishani sana juu ya bei yake. Wadogo wanapita. Nimeona wavu wa inchi 3 na nusu ukiopolewa mtumbwi wa jirani usiku ule ule, umejaa kweli, lakini umejaa samaki wa kiganja ambao ndoo nzima haikufikia bei ya nyamami sita wakubwa. Mbuta wachanga hunasa kidogo kwenye inchi 5, na hilo ni kasoro kwa anayelenga mbuta: yeye achukue inchi 6 au 7, huu si wavu wake.

Uimara. Nyuzi 9 zinatosha kwa ghuba na hata kwa maji ya wazi kuelekea Mbita na Rusinga wakati upepo haujachafuka. Adui mkubwa hapa kwetu ni magugu maji. Kisiwa cha magugu kikisukumwa na upepo juu ya nyavu usiku kinaziburuta, kinazikunja pamoja na maboya, na asubuhi unakuta kamba imegeuka fundo moja la tope na mizizi. Wavu wa nyuzi 6 ukivutwa kutoka humo unachanika vipande vipande. Huu wa nyuzi 9 unatoboka, lakini matundu ni ya kushonwa: nakata mguu mmoja wa jicho, nafuata fundo hadi fundo kwa sindano, na jioni wavu unarudi kazini. Uzi wa kushonea uwe wa unene ule ule. Mtu akikushonea kwa uzi mnene, pale kwenye kiraka panakuwa pazito na samaki anapaona.

Rangi inapungua. Kijani kile kinafifia kwa jua hadi karibu kuwa kijivu, na nailoni iliyoachwa juani siku nzima inakuwa dhaifu. Uzi unakatika kwa kuvutwa kidogo, bila kelele. Hili ndilo linalonileta kwenye jambo ambalo halimo kwenye kibandiko chochote: wavu unahitaji mahali pa nchi kavu. Unahitaji kivuli, nguzo za kutundikia, na eneo la kuutandaza wote ili kuukagua. Wavu mzuri bila uwanja wa kuutunza ni pesa iliyotupwa.

Uwanja huo ni wa nani? Hapo tena tunarudi kwa wakoloni. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 iliwapa walowezi hati za miaka 99, na ile ya 1915 ikawapa miaka 999, huku ikihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1921 mahakama kuu ikatamka kwamba Waafrika ni wapangaji wanaoweza kuondolewa kwa hiari ya Mfalme. Mvuvi wa ghuba alipewa leseni ya kuvua na kipimo cha wavu wake, ila pale alipovutia mtumbwi hakuwa na haki yoyote ya kuandikwa. Katiba ya 2010 imesema wazi, katika kifungu cha 62, kwamba mito na maziwa ni ardhi ya umma. Kanuni za mwaka 2007 ziliipa jumuiya ya wavuvi ya kila bichi, yaani BMU, kazi ya kusimamia shughuli za hapo. Lakini bichi nyingi za kushushia samaki bado hazina hati. Hapa jirani kuna kipande cha ufuo ambapo tulikuwa tukitandaza nyavu tangu enzi za baba zetu, na sasa kuna ukuta wa mawe unaoshuka hadi majini. Tunabanana upande uliobaki, nyavu zinapandana, nyingine zinatandazwa juu ya mawe yenye ncha. Nimeshona matundu mengi yaliyopatikana nchi kavu, na hilo linaniumiza kuliko yale ya magugu, kwa sababu lingeweza kuzuilika kwa uamuzi wa watu wazima wachache mezani.

Naandika haya ndani ya tathmini ya wavu kwa sababu yanaathiri muda utakaokaa nao. Ukiwa na kivuli, wavu huu unakupa misimu kadhaa mizuri. Ukiwa huna, usiku ukivua na mchana ukiuacha juani juu ya mawe, mwaka hauishi kabla haujaanza kukatika mikononi.

Kuna wanaoniambia niwafungie zile za uzi mmoja wa plastiki, zinazong'aa mkononi na kutoonekana majini. Sifungi. Zimekatazwa, kama kokoro lilivyokatazwa, na mimi nakubaliana na katazo hilo kwa macho yangu mwenyewe. Uzi ule ni mwembamba, unakatika haraka, na mvuvi anautupa vipande majini kwa sababu hauwezi kushonwa. Kipande kilichotupwa kinaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewaopoa. Nakiri pia kwamba nailoni yetu hii nzuri haiozi: kipande cha wavu wa kijani kikipotea chini ya magugu nacho kinaendelea kuua. Ndiyo maana kila wavu ninaoufunga naupa boya la ziada la rangi nyekundu kila upande, lenye alama ya mwenyewe, hata kama hakuniomba. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuupoteza wavu mzima.

Kuhusu duka, nitasema hili bila kumtaja mtu. Pale niliponunua, muuzaji hakutaka robota ifunguliwe kabla ya malipo. Nilisimama. Nilimwambia kwa heshima kwamba wavu haununuliwi kwa kibandiko, na kwamba kama macho yatafika inchi 50 nitachukua zaidi ya nilizokuja kuchukua. Alifungua, tukapima pamoja juu ya meza yake, yakafika, nikatimiza neno langu. Siku hizi mwenyewe ana rula ukutani. Wateja wangu wakienda pale nawaambia waitumie, kwa sababu robota moja ikiwa nzuri haimaanishi ile ya chini yake imetoka mashine ile ile.

Ukiwa unavua ndani ya ghuba kwa maji tulivu na mfuko umebana, kuna aina ya nyuzi 6 ya kiwanda hicho hicho, nafuu zaidi, inavua nyamami vizuri kidogo kuliko hii kwa sababu ni nyembamba. Itunze mbali na magugu. Kwa mtu mwenye mtumbwi mmoja anayetegea mahali pa mchanganyiko, ningesema nyuzi 9, na aanze na vipande vitano badala ya kumi, avifunge vizuri kwa maboya ya kutosha. Beba rula. Pima macho 10 katikati ya wavu na mengine 10 pembeni, vuta fundo pande zote mbili, kagua safu ya kufungia kamba kama ina uzi maradufu, kisha ndipo utoe pesa. Na uje nao ukiwa mkavu, tafadhali, maana kamba mpya inayofungwa kwenye wavu uliolowa hulegea ikikauka na itabidi nianze upya.